Mafuta ya Hoima: Yasafishwe Bara au Yauzwe Ghafi Tanga?

Kila pipa litakalotoka ardhini kandokando ya Ziwa Albert, upande wa Uganda, lina njia mbili. Ya kwanza ni kuingia bombani pale Kabaale, Hoima, lisafiri kilomita 1,443 hadi Chongoleani, Tanga, lipakiwe melini na kuuzwa likiwa ghafi. Ya pili ni kubaki hapohapo Kabaale, liingie kiwandani na kutoka likiwa petroli, dizeli, mafuta ya ndege na gesi ya kupikia.

Bomba lilipata baraka za mwisho Februari 2022, wawekezaji walipotangaza uamuzi wao wa kutia fedha. Kiwanda kimechelewa. Kundi la wawekezaji lililopewa kazi mwaka 2018 lilimaliza muda wake mwaka 2023 bila kufikia uamuzi wa kujenga, na Machi 2025 Uganda ikasaini na kampuni ya Alpha MBM ya Falme za Kiarabu. Alpha MBM inachukua asilimia 60, na kampuni ya taifa ya mafuta ya Uganda, UNOC, asilimia 40. Kiwanda kimekusudiwa kusafisha mapipa 60,000 kwa siku, kwa gharama inayotajwa kuwa karibu dola bilioni 4.

Visima vya Tilenga na Kingfisher vikifika kilele vitatoa mapipa 230,000 kwa siku. Kwa hiyo njia zote mbili zinaweza kutumika kwa pamoja, na makubaliano yanakipa kiwanda haki ya kuchukua mapipa yake kwanza. Kinachobaki kuamuliwa ni mapipa mangapi yaende wapi, kwa bei gani, na nani abebe hasara mambo yakienda kombo. Hapo ndipo mjadala wetu unapolegea. Wengi husema kuuza ghafi ni kurudia yaleyale ya pamba na kahawa: tunauza mbichi, tunanunua kilichosindikwa. Hoja hiyo ina uchungu wa kweli ndani yake na siidharau. Lakini mafuta yana hesabu yake, na kwa maoni yangu kinachoiamua hesabu hiyo ni umbali kutoka baharini.

Mafuta haya ni ya nani

Lazima tuanzie hapa, maana neno "mafuta yetu" huficha mengi. Katika visima, TotalEnergies ina asilimia 56.67, CNOOC ya China asilimia 28.33, na UNOC asilimia 15. Serikali inapata pia mrabaha na mgawo wake wa faida chini ya mikataba, lakini sehemu kubwa ya pipa, hasa miaka ya mwanzo ambapo kampuni zinarudisha gharama zao, haimo mikononi mwa serikali.

Maana yake ni kwamba kiwanda cha Kabaale hakitapewa mafuta bure. Kitayanunua. TotalEnergies haitakubali kuuza pipa kiwandani kwa bei ya chini kuliko ile ambayo ingebaki mkononi mwake kama ingelipeleka Tanga. Serikali nayo ikikiuzia kiwanda sehemu yake kwa bei ya chini, tofauti hiyo inatoka kwenye fedha ambazo zingejenga barabara au kulipa walimu. Kila pipa lina bei ya soko hata kama halijavuka mpaka, na ulinganisho wowote unaosahau hilo unamdanganya msomaji.

Pipa linalokwenda Tanga

Bei ya mafuta ghafi hupangwa kwa kutazama Brent, mafuta ya Bahari ya Kaskazini. Muuzaji wa mafuta mengine hupata bei ya Brent ikiongezwa au kupunguzwa kidogo kulingana na ubora. Mafuta ya Uganda yana sifa moja nzuri na moja mbaya. Nzuri ni kwamba yana salfa kidogo, jambo linalopendwa na wasafishaji. Mbaya ni nta. Yakiachwa yapoe katika joto la kawaida la mchana yanaganda, hayamiminiki. Ndiyo sababu bomba la kwenda Tanga limevikwa tabaka la kuzuia joto lisipotee na kuwekewa nyaya za umeme za kulipasha, ili mafuta yasishuke chini ya nyuzi 50 za Selsiasi njia nzima. Kilomita 296 za safari hiyo ziko Uganda, na 1,147 ziko Tanzania.

Joto hilo lina gharama. Ada ya kupitisha pipa moja ilikubaliwa kuwa dola 12.77. Itazame namba hiyo kwa karibu, maana haishuki bei ya dunia ikishuka. Brent ikiwa dola 80, ukitoa ada unabaki na dola 67.23, na hapo hujatoa nauli ya meli wala punguzo la nta. Brent ikiwa 60, unabaki na 47.23. Ikiwa 40, unabaki na 27.23 tu, kumaanisha bomba peke yake limekula karibu theluthi ya bei. Na hizi si namba za kufikirika. Brent ilipita dola 140 Julai 2008, ikaanguka chini ya 30 Januari 2016, ikashuka chini ya 20 Aprili 2020, kisha ikapanda juu ya 120 mwaka 2022. Anayeuza pipa la kutoka bara huumia zaidi bei zikianguka kuliko anayechimba ufukweni.

Hata hivyo njia hii ina uzuri wake. Soko lake ni dunia nzima, mnunuzi analipa dola, na meli ikiondoka gatini fedha inaingia. Kuhusu nta, kuna ushahidi wa jirani kwamba wanunuzi hawaikimbii. Mwaka 2019 Kenya iliuza shehena yake ya kwanza ya mafuta ya Turkana, ambayo nayo yana nta nyingi. Rais Uhuru Kenyatta alitangaza mauzo ya mapipa 200,000 kwa dola milioni 12, yaani kama dola 60 kwa pipa, bei iliyokuwa karibu na Brent ya wakati ule. Kilichoisumbua Kenya ni gharama ya kuyafikisha Mombasa kwa malori, pipa kwa pipa, kutoka visima vya Lokichar, huko Turkana.

Pipa linalobaki Kabaale

Sasa tuhamie upande wa pili, na hapa naomba uvumilivu kidogo kwa sababu hesabu ndiyo inayosema.

Kiwanda kilichojengwa bara, karibu na visima, kina ngao mbili. Ya kwanza ni kwamba kinanunua mafuta ghafi kwa bei ya Brent kasoro gharama ya kuyafikisha baharini. Kama pipa likienda Tanga linakatwa dola 12.77, basi pale Kabaale thamani yake ni pungufu kwa kiasi hicho, na zaidi kidogo ukihesabu meli. Ngao ya pili iko mlangoni kinapouzia. Sehemu kubwa ya petroli inayouzwa Kampala leo imeshuka Mombasa, imesukumwa kwa bomba la Kenya hadi Eldoret au Kisumu, kisha imepakiwa kwenye malori au kuvushwa Ziwa Victoria. Bei yake Kampala ni bei ya dunia ukijumlisha safari yote hiyo. Mwenye kiwanda Hoima anaweza kuuza kwa bei ileile bila kuigharamia safari hiyo.

Tuchukue mfano, kwa ajili ya hesabu tu, kwamba safari ya kutoka pwani hadi Kampala ni senti 6 za dola kwa lita. Pipa lina lita 159, hivyo ni kama dola 9.50 kwa pipa. Jumlisha na 12.77 za bomba, unapata ngao ya dola 22 hivi kwa kila pipa, kabla ya faida ya kawaida ambayo msafishaji yeyote duniani anaipata kwa kugeuza ghafi kuwa petroli na dizeli.

Dola 22 kwa pipa ni ngao nene. Lakini itazame na gharama ya kujenga. Mapipa 60,000 kwa siku ni mapipa milioni 21.9 kwa mwaka, tena kama kiwanda hakisimami hata siku moja. Ikiwa dola bilioni 4 zinatakiwa kurudisha asilimia 12 kila mwaka kwa wakopeshaji na wenye hisa, hiyo ni dola milioni 480 kwa mwaka. Gawanya: inakuja karibu dola 22 kwa pipa. Ngao yote imeishia kwenye deni la ujenzi! Umeme, mishahara, kemikali na vipuri itabidi vitoke kwenye faida ya kawaida ya usafishaji, ambayo nayo hupanda na kushuka.

Kwa hiyo kiwanda kinaweza kujisimamia, ila kwa shida. Kikijengwa kwa gharama iliyopangwa na kufanya kazi karibu muda wote, kitajilipa. Gharama zikivimba, na kwa bomba tuliona makadirio yakipanda kutoka kama dola bilioni 3.5 hadi zaidi ya bilioni 5, itabidi mtu aongeze fedha, na mtu huyo huwa ni mlipakodi au mwenye bodaboda pale pampuni.

Ukubwa nao una mpaka wake. Uganda inaagiza takriban lita bilioni 2.5 za mafuta kwa mwaka, ambazo ni kama mapipa 43,000 kwa siku. Kiwanda cha mapipa 60,000 kinaitosheleza nchi na kubakiza kidogo cha kuuza Rwanda na Kongo ya mashariki, ambako Bunia iko ng'ambo tu ya ziwa. Huko kote ngao ya umbali inafanya kazi. Ukijenga kiwanda cha mara mbili, ziada itabidi ishuke kuelekea pwani, na kila kilomita inayoshuka inaiondoa ngao hiyo, mpaka ukifika Nairobi unakutana na petroli ya meli iliyosukumwa kwa bomba na huna tena cha kushindana nacho. Wanaopiga kelele kwamba mapipa yote 230,000 yasafishwe nyumbani hawajaiona hesabu hii.

Viwanda vya jirani vinasema nini

Mombasa, Changamwe, kulikuwa na kiwanda kilichoanza kazi mwaka 1963. Kilisafisha mafuta ghafi yaliyoletwa kwa meli, mengi yakitoka Ghuba. Mtambo wake ulikuwa wa aina nyepesi: ulichemsha na kutenganisha, lakini haukuwa na uwezo wa kuvunja mabaki mazito kuwa petroli, hivyo kila pipa liliacha mafuta mazito mengi ya bei ya chini. Kwa miaka mingi kampuni za mafuta zililazimishwa kisheria kupitisha sehemu ya mafuta yao pale, na gharama ikaishia kwa mnunuzi. Mwaka 2013 kiwanda kikaacha kusafisha. Matangi yake yakabaki kuwa ghala, na ndimo mafuta ya Turkana yalimohifadhiwa yakisubiri meli. Kigamboni, Dar es Salaam, nako, kiwanda cha TIPER kilichosafisha mafuta tangu miaka ya 1960 leo ni matangi ya kuhifadhia.

Unaweza kusema: hao walikuwa pwani, hawakuwa na ngao. Kweli. Basi twende Ndola, Zambia, bara kabisa. Kiwanda cha Indeni kilianza mwaka 1973 na kililishwa na bomba la TAZAMA la kilomita 1,710 kutoka Dar es Salaam. Nacho kilisimama mwishoni mwa 2021, na bomba lenyewe likageuzwa kubeba dizeli iliyokwisha kusafishwa. Kwa nini umbali haukukiokoa? Kwa sababu mafuta yake ghafi nayo yalitoka baharini. Kiwanda cha bara kinachopandishiwa mafuta kutoka pwani kinalipa nauli ileile anayolipa mwagizaji wa dizeli, kisha kinaongeza gharama ya kusafisha. Hoima iko tofauti kwa jambo hili moja: visima viko upande wa bara, ndani ya ngao. Sijaona hoja yenye nguvu zaidi ya hiyo upande wa kiwanda cha Kabaale.

Na Lekki, Lagos, nchini Nigeria, kuna kiwanda cha Dangote, mapipa 650,000 kwa siku, gharama karibu dola bilioni 20. Kiko ufukweni, hakina ngao yoyote, lakini kinashinda kwa ukubwa na kwa mitambo ya kisasa inayovunja mabaki mazito. Gawanya gharama kwa uwezo: Lekki ni kama dola 31,000 kwa kila pipa la siku, Hoima karibu 67,000. Wanaoitaja Dangote kama kielelezo cha Uganda wanalinganisha vitu viwili visivyofanana. Somo la Lekki kwetu liko kwingine. Mwaka 2024, katikati ya nchi inayochimba mafuta mengi kuliko karibu zote Afrika, kiwanda hicho kilikosa mafuta ghafi ya kutosha ya nyumbani na kuagiza mengine kutoka Marekani. Wachimbaji walitaka bei ya dunia, na sehemu ya mafuta ya serikali ilikuwa imekwisha kuahidiwa kulipia mikopo. Haki ya "kuchukua kwanza" iliyoandikwa kwenye karatasi haijazi tangi.

Bei ya pampu na foleni ya Malaba

Anayetarajia petroli ya bei chee kutoka Hoima ajiandae kukata tamaa. Nimeonyesha kwamba ngao imekwisha kuliwa na deni. Uganda haina bei kikomo kama ile inayotangazwa na mamlaka za nishati, EWURA kwetu Tanzania au EPRA kwa Wakenya, kwa hiyo mwenye kiwanda atauza kwa bei inayokaribia ya mwagizaji. Huenda akapunguza kidogo ili apate wateja. Zaidi ya hapo ni ruzuku, na ruzuku ina mlipaji.

Faida ya kweli kwa mwananchi ni nyingine, na kwangu ina uzito mkubwa: mafuta kuwepo. Mwanzoni mwa 2008, ghasia za baada ya uchaguzi wa Kenya zilipofunga barabara, pampu zilikauka Kampala na Kigali, na bei ikaruka. Januari 2022 madereva wa malori waligoma mpakani Malaba na Busia wakipinga kupimwa Uviko kwa lazima na kwa malipo. Malori yalijipanga kilomita nyingi upande wa Kenya, na katika baadhi ya miji ya Uganda bei ya petroli ikafika maradufu ndani ya siku chache. Mwenye bodaboda wa Gulu, kaskazini mwa Uganda, hakuwa na ugomvi na yeyote mpakani, lakini yeye ndiye aliyelala njaa. Kiwanda bara kinaiondoa hatari hiyo kwa kiasi kikubwa.

Njia ya bomba la ghafi ina hatari ya namna hiyohiyo kwa upande wa mapato. Sudan Kusini inaijua vizuri. Februari 2024 moja ya mabomba yake mawili yanayopita Sudan kwenda Bahari ya Shamu liliharibika katikati ya vita, wahandisi hawakuweza kulifikia, mafuta yenye nta yakaganda ndani, na nchi ikapoteza sehemu kubwa ya mapato yake hadi mwaka uliofuata. Tanzania haina vita na siioni hatari hiyo hapa. Ila kuweka kila pipa kwenye mrija mmoja si busara kwa yeyote.

Ningechagua nini

Kwa Uganda ningechagua vyote viwili kwa mgawo uliopo: 60,000 kiwandani, yanayobaki Tanga, na kiwanda kisipanuliwe. Ningeweka masharti matatu bila kuyalegeza. Kiwanda kinunue mafuta kwa bei ya wazi inayofuata Brent kasoro ada ya bomba, na fomula itangazwe. Kampuni za mafuta zisilazimishwe kununua kwake kama ilivyokuwa Changamwe, ili mwagizaji wa Mombasa au Dar es Salaam abaki mlangoni kama mshindani. Na UNOC isidhamini mikopo ya kiwanda kwa mapipa ambayo hayajachimbwa.

Masharti hayo yakikataliwa, ningepeleka kila pipa Tanga na kutumia sehemu ya fedha kujenga matangi ya akiba. Matangi yenye mafuta ya mwezi mzima yanampa mwenye bodaboda wa Gulu nusu ya usalama ambao kiwanda kingempa, kwa sehemu ndogo ya gharama.

Kwa Turkana jibu langu ni kuuza ghafi, bila kusita. Mafuta ni machache zaidi, na bomba la bidhaa kutoka Mombasa tayari linafika Nairobi na Eldoret kwa gharama ya chini, hivyo ngao ni nyembamba. Wanaotaka Changamwe ifufuliwe kwa ajili ya mafuta ya Lokichar wangeyashusha mafuta hadi pwani kwa gharama, wayasafishe katika mtambo wa aina ya zamani, kisha waipandishe petroli ileile kurudi bara.

Kuna jambo moja linalotuhusu sisi Watanzania, na silisikii likizungumzwa vya kutosha. Shirika letu la mafuta la taifa, TPDC, lina asilimia 15 ya bomba. Visima huzaa sana miaka ya mwanzo, kisha hupungua mwaka hadi mwaka. Uzalishaji ukishuka hadi mapipa 120,000 kwa siku na kiwanda kikachukua 60,000 zake kwanza, Chongoleani itapokea 60,000, robo tu ya uwezo wa bomba, huku gharama ya kulipasha joto kilomita zote 1,443 ikipungua kidogo sana. Nani atafidia pengo hilo: wachimbaji kwa kulipa ada hata bila kupitisha mafuta, au wenye hisa za bomba, TPDC ikiwemo? Wabunge wetu, na hasa wa Tanga, waombe kifungu hicho kisomwe hadharani kabla kiwanda hakijaanza kujengwa.